Kubadilisha themostati ya kiyoyozi na kutafuta hitilafu: mwongozo kamili kwa nyumba za Lubumbashi

Joto la Lubumbashi hufika kilele Septemba na Oktoba, kiangazi kinapoelekea ukingoni, vumbi jekundu likiwa limejaa kila mahali na mvua za kwanza bado zinasuasua. Viyoyozi vilivyokaa kimya tangu baridi ya Juni na Julai huwashwa kwa pamoja katika majuma hayo, na hitilafu zote hujitokeza kwa wakati mmoja. Fundi huitwa, hutazama kwa dakika chache, kisha hutamka mojawapo ya mambo mawili: gesi imekwisha, au themostati imekufa. Mara nyingi si hili wala si lile. Mwongozo huu unakusudia kumwezesha mwenye nyumba, msimamizi wa nyumba ya wageni au fundi anayejifunza kupima kabla ya kununua. Themostati ni kifaa chepesi kukibadilisha, lakini ni hasara kubwa kukibadilisha bure, hasa kilipoagizwa kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na muuzaji hakubali kukipokea tena kikishafungwa ukutani.

Tambua kwanza kiyoyozi chako ni cha aina gani

Themostati ni swichi inayohisi joto. Haizalishi baridi wala haina uwezo wa kuiongeza. Kuiteremsha hadi nyuzi 16 hakukifanyi chumba kipoe upesi kuliko ukiiweka kwenye 24. Kunachofanya ni kukinyima kiyoyozi nafasi ya kupumzika. Jambo hili likieleweka vizuri, nusu ya malalamiko huisha kabla bisibisi haijaguswa.

Katika nyumba za mji huu utakutana na mipangilio mitatu. Kuna kiyoyozi cha dirishani, lile sanduku linalotokeza nje ya ukuta, ambalo bado limo katika nyumba nyingi za zamani: themostati yake ni kirungu cha kuzungusha kilichofungwa ndani ya sanduku lenyewe, na nyuma ya kirungu hicho hutoka mrija mwembamba ambao ncha yake hukaa mbele ya koili ya baridi, yaani mabomba yaliyopindwa pindwa yanayopoza hewa. Kuna spliti, yenye kipande cha ndani na kipande cha nje, ambayo haina themostati ya ukutani hata kidogo. Joto hupimwa na vihisi vidogo vyenye nyaya mbili mbili, na uamuzi wa kuwasha au kuzima hufanywa na bodi ya elektroniki. Kisha kuna kiyoyozi cha mifereji, kinachofichwa juu ya dari na kupuliza hewa kupitia matundu, ambacho hupatikana zaidi katika majumba makubwa, ofisi na nyumba za wageni. Hiki cha mwisho ndicho chenye themostati ya ukutani, na ndicho kitakachochukua sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata. Mwenye spliti aliyepoteza rimoti asinunue themostati ya ukutani akidhani itachukua nafasi yake, kwa sababu bodi nyingi za spliti hazina mahali pa kuiunganisha.

Kuukata umeme kwa namna ya kuaminika

Wengi hapa husubiri umeme ukatike wenyewe ndipo wafungue kiyoyozi, wakiamini kwamba mgao umewapa muda salama wa kufanya kazi. Naomba sana tabia hii iachwe. Umeme hurudi bila kubisha hodi, na katika nyumba yenye jenereta mtu mwingine anaweza kuiwasha akiwa upande wa pili wa ua, bila kujua kwamba mikono yako imo ndani ya mashine. Shusha dijonkteri ya kiyoyozi, yaani swichi ya kukata umeme wake, wewe mwenyewe. Ikiwa ipo swichi ya kuchagua kati ya umeme wa mtandao na jenereta, iweke kwenye sifuri. Mjulishe kila aliyemo nyumbani, na sentineli, yaani mlinzi, pia, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayewasha jenereta. Kisha bandika karatasi kwenye sanduku la dijonkteri ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Baada ya hapo, pima. Chukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, iweke kwenye volti za mkondo geu, uijaribu kwanza kwenye soketi ambayo una hakika ina umeme, kisha upime nyaya unazotaka kuzigusa: kati ya waya na waya, na kati ya kila waya na ardhi. Ukimaliza, rudi kwenye ile soketi uhakikishe kwamba multimita bado inasoma. Bisibisi ya taa peke yake haitoshi kuwa shahidi. Rangi nazo zisikudanganye. Katika ufungaji wa kisasa waya wa moto huwa kahawia, nyutro huwa bluu na wa ardhi huwa kijani na njano, lakini katika nyumba zilizofungwa umeme zamani, au kurekebishwa na mikono mingi, fundi alitumia waya aliokuwa nao siku hiyo.

Kapasita, lile kopo dogo lililo karibu na kompresa (pampu inayoisukuma gesi ya kupoza), hubaki na chaji hata umeme ukiwa umekatwa. Kabla ya kuigusa, iunganishe ncha zake kwa sekunde kadhaa na balbu ya zamani ya volti 220, ile yenye uzi ndani, kwa kutumia nyaya zilizofunikwa vizuri, kisha pima kwamba volti zimeshuka hadi sifuri. Kuichoma kwa bisibisi hadi itoe cheche ni desturi ya mafundi wengi, lakini huharibu kapasita na kuhatarisha macho.

Volti 24 au volti 220?

Hili ndilo swali kubwa la kazi yote, na ndilo linalosahaulika zaidi. Themostati za ukutani ziko za namna mbili. Zile zinazofuata mtindo wa Marekani hutumia volti 24, zinazotoka kwenye transfoma ndogo iliyomo ndani ya kipande cha darini. Nyaya zake ni nyembamba, na skrubu zake huandikwa herufi kama R, C, Y, G na W. Zile za volti 220 hufungwa zaidi kwenye vipulizi vya darini vyenye kasi tatu. Skrubu zake huandikwa L na N, na pembeni yake hukaa alama za kasi ndogo, ya kati na kubwa. Kwa nje zote mbili zinaweza kufanana kabisa: kioo kilekile, vitufe vilevile, ganda lilelile jeupe. Ukifunga themostati ya volti 24 mahali penye 220, itaungua mara tu dijonkteri itakapopandishwa, na huenda ikaharibu bodi pamoja nayo. Ukifunga ya 220 mahali penye 24, haitawaka, nawe utarudi dukani ukiilaumu bila kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda sokoni, toa uso wa themostati ya zamani kutoka kwenye kitako chake, soma herufi, soma pia maandishi ya nyuma yanayotaja volti na ampea, kisha piga picha kwa simu ukiwa karibu kiasi kwamba kila waya unaonekana umeingia kwenye herufi gani. Picha hiyo ndiyo utakayomwonyesha muuzaji. Usifungue skrubu hata moja kabla ya kuipiga.

Thibitisha kwamba themostati ndiyo mbovu

Kwa mfumo wa volti 24 lipo jaribio moja lisilogharimu chochote ila kipande kifupi cha waya. Zima umeme, toa uso wa themostati, kisha unganisha R, Y na G pamoja. R ndiyo inayoleta umeme wa transfoma, Y huiamuru kompresa, na G huliamuru feni la ndani. Kwa kuziunganisha umefanya kwa mkono kazi ileile ambayo themostati ingeifanya. Rudisha umeme na usubiri hadi dakika 5, kwa kuwa mashine nyingi huichelewesha kompresa kwa makusudi ili msukumo wa gesi usawazike kabla haijaanza.

Ikiwa feni na kompresa vyote vimeanza na hewa imepoa, themostati ndiyo mbovu, na unaweza kununua nyingine kwa moyo mweupe. Ikiwa feni limeanza lakini kompresa haikuanza, tatizo liko mbele ya themostati: waya wa Y umekatika, kontakta ya nje, yaani swichi ya sumaku inayoipa kompresa umeme, imeharibika, au swichi ya ulinzi imefunguka. Ikiwa hakuna kilichoanza, pima volti kati ya R na C. Unapaswa kuona volti 24 au zaidi kidogo. Ukiona sifuri, themostati mpya haitakusaidia kitu. Tafuta fyuzi ndogo kwenye bodi ya darini, ya ampea 3 au 5, ambayo mara nyingi ni ya umbo lilelile la fyuzi za magari na hupatikana kwa wauza vipuri. Katika mashine nyingine, boya la trei ya maji ndilo linalokata umeme huo trei ikijaa, hivyo itazame pia.

Kamwe usiunganishe R na C. Hiyo ni shoti ya moja kwa moja ya transfoma, na fyuzi zinazokutwa zimeungua zimeunguzwa sana na waya mmoja ulioteleza kati ya skrubu hizo mbili.

Kuifunga themostati mpya ya volti 24

Umeme ukiwa umekatwa, bandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye kila waya na uandike herufi ya skrubu ulikotoka. Andika herufi, si rangi. Kisha legeza skrubu moja baada ya nyingine, na kila unapotoa waya uzungushe kwenye penseli iliyolazwa ukutani. Nyaya hizi hupenda kurudi ndani ya bomba, na kuzitoa kwenye ukuta wa matofali ni kazi ya kuvunja plasta.

Tazama sasa tundu lenyewe ambalo nyaya zimepitia. Katika nyumba zetu bomba hilo hupanda hadi darini, chini ya mabati, ambako saa nane mchana joto ni kali mno. Hewa hiyo ya moto hushuka kupitia bomba na kuipulizia themostati mgongoni, nayo huamini kwamba chumba kina nyuzi 31 ilhali kina 25; kiyoyozi hakizimi, wenye nyumba wanatetemeka, na fundi anasema themostati ni mbovu. Weka kidole mbele ya tundu nawe utaihisi hewa hiyo. Liziba kwa silikoni, kwa mastiki au hata kwa kipande cha sponji kilichobanwa barabara. Sijui marekebisho mengine yenye bei ndogo namna hii na faida kubwa namna hii.

Mahali penyewe pawe na urefu wa kama mita 1.5 kutoka sakafuni, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua, mbali na mlango wa jikoni, mbali na televisheni na taa, na pasipopulizwa moja kwa moja na hewa ya kiyoyozi. Ikiwa themostati ya zamani ilikuwa mahali pabaya, huu ndio wakati wa kuihamisha, ingawa itakubidi uvute nyaya mpya. Kwa volti 24, waya wa shaba wa milimita 1 mraba unatosha kwa umbali wa nyumba ya kawaida.

Funga kitako kikiwa kimenyooka, menya kila waya milimita 6 hadi 8 tu, kisha uingize kwenye herufi yake: R kwa R, Y kwa Y, G kwa G, C kwa C. Shaba isionekane nje ya skrubu, na uvute kila waya kidogo ili kuhakikisha umeshikwa. Kama themostati mpya ina Rc na Rh na wewe una waya mmoja tu wa R, uingize kwenye Rc na uache au uongeze kile kipande kinachoziunganisha Rc na Rh. Kama mashine yako inaweza pia kuleta joto kwa kugeuza mzunguko wa gesi, utakuta waya wa O au B. Katika themostati nyingi mpya herufi hizo hushiriki skrubu moja, na kwenye menyu utachagua kama vali ya kugeuza huwashwa mashine inapoleta baridi, yaani O, au inapoleta joto, yaani B. Ukichagua vibaya, mashine itatoa hewa ya moto Oktoba. Hakuna kilichoharibika, rudi kwenye menyu ubadilishe.

Waya wa C unastahili neno la ziada. Themostati za zamani hazikuuhitaji, lakini zile za kisasa zenye kioo chenye mwanga na hasa zinazotumia intaneti huuhitaji ili ziwe na umeme wa kudumu. Kama ukutani hamna waya wa C na hakuna waya wa akiba uliojikunja ndani ya bomba, nunua themostati ya betri. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, mimi binafsi ningechagua ya betri hata kama waya wa C upo, kwa kuwa inahifadhi saa na mipangilio yake bila kutegemea kitu kingine.

Mwisho, kuhusu ile ya zamani uliyoitoa: ikiwa ni ya mviringo au ya kisanduku cha kale, na ndani yake unaona kichupa cha kioo chenye tone linalong'aa kama fedha, hiyo ni zebaki. Usikivunje, usikitupe jalalani, wala usimpe mtoto akichezee. Kifunge ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko na ukihifadhi mbali hadi upate mahali panapopokea taka za namna hiyo. Udongo wa mji huu wa madini umekwisha kupokea metali za kutosha.

Themostati ya volti 220 na ile ya dirishani

Kwa ya volti 220 kanuni ni zilezile, lakini waya uwe wa milimita 1.5 mraba na kila kiungo kiwe ndani ya kisanduku, si nyuma ya plasta. Waya wa moto huingia L, nyutro huingia N, na kila kasi ya feni hupata skrubu yake. Soma idadi ya ampea ambazo themostati inaweza kubeba. Nyingi hubeba chache tu, kiasi cha feni na vali, na hazikutengenezwa kuibeba kompresa. Kompresa ya mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) hutumia karibu ampea 5 ikiwa imetulia, na mara kadhaa ya hizo inapoanza; ipitishe kwenye kontakta, na themostati ibaki kazi yake ya kuiamuru kontakta hiyo.

Kiyoyozi cha dirishani ni tofauti, kwa kuwa kirungu chake hukata umeme wa kompresa moja kwa moja, na hapa ndipo kosa moja hurudiwa sana sokoni. Themostati ya friji inafanana nayo kwa umbo, ina mrija uleule, na ni rahisi kuipata. Lakini ya friji imepangwa kukata kwenye baridi kali zaidi, hivyo katika kiyoyozi haikati kamwe, na koili hugeuka kuwa jiwe la barafu. Tena mara nyingi haiwezi kuhimili ampea za kompresa hiyo. Dai ya kiyoyozi, na uijaribu palepale: weka multimita kwenye kipimo cha kupitisha umeme, shika skrubu zake mbili wakati ncha ya mrija iko kwenye joto la kawaida, nayo inapaswa kupitisha; chovya ncha hiyo kwenye glasi ya maji yenye barafu, na baada ya muda mfupi utasikia mlio mdogo na multimita itaonyesha kwamba imekata. Unapoifunga, usiupinde mrija kwa pembe kali, na ncha yake ikae mbele ya koili bila kuigusa.

Kihisi cha spliti

Spliti inayozima mapema mno, isiyozima kabisa, au inayowashawasha taa kwa mfululizo, mara nyingi inalalamikia kihisi. Chomoa kihisi kwenye bodi na upime ukinzani wake. Vingi huwa na kilo-omu 10 au 5 kwenye nyuzi 25, na thamani hiyo ipo kwenye kitabu cha mashine. Kifumbate mkononi: ukinzani unapaswa kushuka taratibu bila kurukaruka. Kikionyesha kwamba waya umekatika ndani, au kikibaki palepale hata ukikipasha joto, kibadilishe kwa chenye thamani ileile. Si kazi ya bei kubwa, na imewahi kuokoa bodi nyingi zilizokuwa zinakwenda kutupwa.

Themostati ni nzima, baridi haiji

Anza na hewa. Kabla ya chombo chochote, fungua kichujio cha ndani ukitazame kwenye mwanga. Usipouona mwanga, umepata sababu. Kioshe kwa maji na sabuni, ukikaushe kivulini. Kisha toka nje uitazame koili ya nje. Baada ya miezi ya kiangazi, vumbi la barabara zisizo na lami hushikamana kati ya mapezi ya alumini hadi hewa haipiti. Imwagie maji ya mpira kwa nguvu ndogo, umeme ukiwa umekatwa, kutoka upande wa ndani kwenda nje pale unapoweza kuufikia, na bila kuyapinda mapezi. Kazi hii ifanyike mwishoni mwa Agosti, kabla joto halijafika, na irudiwe katikati ya msimu kwa nyumba zilizo kandokando ya barabara ya vumbi.

Sasa pima kile ambacho mashine inakifanya. Weka kipimajoto kwenye mdomo unaovuta hewa, kisha kwenye mdomo unaoitoa, baada ya dakika 15 za kazi. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ina maana kwamba kiyoyozi ni kizima. Ikiwa chumba bado ni cha moto, basi chumba ni kikubwa kuliko mashine, au dari haina kizuizi chochote kati yake na mabati, na hapo fedha itumike darini, si kwenye gesi.

Ikiwa feni la ndani linapuliza lakini hewa ni ya kawaida tu, nenda nje usikilize. Kompresa inayonguruma kwa sekunde chache kisha kukata kwa mlio, na kurudia hivyo kila baada ya dakika kadhaa, inajaribu kuanza na kushindwa. Mambo mawili huleta hali hiyo zaidi ya mengine. La kwanza ni volti ndogo: pima kwenye mashine yenyewe wakati kompresa inajaribu kuanza, maana soketi inayoonyesha 215 bila mzigo inaweza kuanguka hadi 170 mzigo ukiingia. Mashine ya 220 imekusudiwa kustahimili kupungua au kuongezeka kwa asilimia 10, yaani kati ya 198 na 242; jioni, mtaa mzima unapowasha majiko ya umeme, kipimo hushuka chini ya hapo katika maeneo mengi. Katika hali hiyo usiing'ang'anize kompresa. Funga kifaa cha ulinzi kinachokata volti zikishuka na kuchelewesha kurudi kwa dakika 3 au zaidi; kitailinda pia umeme unaporudi ghafla baada ya mgao.

La pili ni kapasita. Iliyovimba kichwani au inayovuja mafuta haihitaji kipimo. Nyingine zote zipime kwa multimita yenye maikrofaradi: ikiwa imeandikwa 35 na inasoma 28, imechoka, kwa kuwa inayokubalika ni tofauti ya takriban asilimia 5 hadi 6 tu. Nunua yenye maikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi, kamwe si pungufu.

Kontakta nayo itazamwe kwa makini. Joto lake huwavuta sisimizi na mijusi. Mjusi mmoja mdogo aliyebanwa kati ya ncha mbili za shaba, amekauka na kubaki kama karatasi nyeusi, anatosha kuzuia kompresa nzima isipate umeme huku kontakta ikigonga vizuri kama kawaida. Usafishaji wake ni wa brashi kavu, umeme ukiwa umekatwa. Ncha zilizoungua na kuchimbika hazisuguliwi kwa msasa, badilisha kontakta.

Barafu kwenye koili ya ndani au kwenye mabomba humaanisha ama hewa haitoshi, ama gesi imepungua. Zima mashine, acha feni peke yake lifanye kazi hadi barafu yote iyeyuke, safisha kichujio, kisha jaribu tena. Barafu isiporudi, jibu limepatikana bila kutumia fedha. Maji yanayodondoka ukutani msimu wa mvua kwa kawaida ni bomba la kutolea maji lililoziba kwa utando wa matope. Lipulize kutoka nje, au umimine maji ya uvuguvugu kwenye trei uone kama yanatoka.

Gesi: maswali ya kumuuliza fundi

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli ya pikipiki. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikiwa imepungua, imevuja. Anayeongeza gesi kila mwaka bila kutafuta mahali inapovujia anakuuzia tatizo lilelile mara kwa mara. Dai kwanza apake povu la sabuni kwenye nati za mabomba nyuma ya kipande cha nje na pale mabomba yanapoungana ndani. Mapovu yakikua, uvujaji umeonekana, na mafuta meusi yaliyoshika vumbi kuzunguka nati ni ushahidi tosha hata bila sabuni.

Soma bati la mashine linaloonyesha aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. R22, R410A na R32 hazichanganywi wala hazibadilishani. R22 ni ile ya mashine za zamani, inaharibu tabaka la ozoni, na uzalishaji wake unapunguzwa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, hivyo itazidi kuwa adimu. Mwenye mashine yake afikirie kuibadilisha mashine badala ya kununua gesi ya magendo. R410A ni mchanganyiko, na huingizwa ikiwa kimiminika ili uwiano wake usiharibike. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo hakuna kuchomelea bomba lililo na gesi, wala kuvuta sigara karibu.

Fundi anayestahili kulipwa huja na mizani ya kupimia gesi na pampu ya kutoa hewa, na baada ya kuziba uvujaji huivuta hewa yote kwenye mabomba, akaacha geji zikiwa zimefungwa kwa muda ili kuona kama sindano inapanda, ndipo anapoingiza gramu zilizoandikwa kwenye bati. Akija na chupa na mpira peke yake, akaanza kujaza kwa kupapasa bomba kama limepoa, mwambie kwa adabu asubiri hadi vifaa vipatikane. Aandike pia, kwa kalamu isiyofutika ndani ya mfuniko wa kipande cha nje, aina ya gesi, gramu alizoweka na tarehe; fundi atakayefuata atajua pa kuanzia.